Fundo la Katani Kwenye Mguu wa Kitanda

Cheka ukitaka, lakini usiniambie nilikuwa nimelewa. Siku hiyo sikuwa nimeonja hata chai, na nilikuwa nimefungiwa ndani kwa kufuli. Hilo la kufuli usilisahau.

Ilikuwa miaka ile ya simu za tochi. Kazi yangu ilikuwa kupitisha waya za spika ndani ya kuta, zaidi kule Westlands, Nairobi, kwa matajiri wanaotaka muziki kila chumba lakini hawataki kuona waya. Shosho mmoja, bibi mzee wa mtaa wa Satellite, akasikia habari zangu kanisani. Macho yalikuwa yameanza kumwacha, Biblia haisomeki tena, na alitaka spika chumbani asikilize ibada ya redio akiwa kitandani.

"Mume wangu, Baba Njeri, alijenga hii nyumba na mikono yake," akaniambia. "Aliweka paipu ndani ya ukuta, akaacha waya ya kuvutia. Kabla alete spika, Mungu akamchukua. Wewe funga yako kwa hiyo yake, uvute. Lakini fundi, usinivunjie ukuta. Hata kidogo."

Nikaahidi. Akaenda kwenye mkutano wa chama chake cha akina mama, akanifungia kwa nje kama wenye nyumba wengi wanavyotufanyia mafundi. Sikukasirika, nimezoea kuaminiwa nusu.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Nilitaka tu kujua kama waya ya mzee bado inasonga. Nikaivuta kidogo pale sebuleni, ikaja. Nikavuta tena, ikaja yote mikononi mwangu, nami sikuwa nimefunga chochote nyuma yake! Fundi mzima! Nilitaka kulia, na sisemi kwa utani. Nikaanza kusukuma waya yangu peke yake, ikafika kwenye kona ikagoma. Nikarudia mpaka vidole vikauma. Mvua ikaanza kupiga mabati, stima ikapotea, nyumba ikawa giza na bado ni saa kumi. Kilichobaki ni kuuvunja ukuta wa marehemu. Wewe ungefanya nini?

Nikainua nyundo.

"Wacha hiyo," sauti ikasema kutoka chumbani. "Sukuma polepole. Iko kwa kona."

Nikadhani shosho amerudi na jamaa yake. Nikasukuma. Niamini, kitu kikashika upande wa pili, waya ikaanza kupita mikononi mwangu taratibu, vile inavyokwenda ukiwa na mwenzako anayeijua kazi. Iliposimama nikaenda mlangoni kwa tochi ya simu. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, vidole vina saruji. Hakuniangalia.

"Asante sana, mzee."

"Siku ingine funga kwanza, ndio uvute," akasema, bila ukali.

Nikaona aibu, nikarudi sebuleni kuunganisha redio. Hapo ndipo nikasikia kufuli likifunguliwa.

Shosho akaingia peke yake, amelowa. Nikamwambia yule mzee aliyekuja naye amenisaidia sana.

"Mzee gani?"

Tukaenda chumbani. Hapakuwa na mtu, na dirisha lina vyuma. Waya ilikuwa imetoka ukutani vizuri, ncha yake imefungwa kwa kamba ya katani kwenye mguu wa kitanda, isirudi ndani. Mimi sikuwa na katani. Nikaketi sakafuni.

Shosho akapapasa lile fundo kwa vidole, muda mrefu. Nikangoja apige nduru. Badala yake akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Baba Njeri alikuwa anafunga mbuzi hivi hivi," akasema. "Huyo mtu hakuwahi jua kukaa bure."

Akapika chai, akamimina vikombe vitatu. Stima iliporudi, wimbo wa kanisa ukasikika chumbani, na mle ndani mkawa na raha ambayo sijaikuta Westlands. Fundo alinikataza kulifungua. Spika nilikuwa nimeiunganisha hivyo hivyo.

Hadi leo sivuti kitu kabla sijafunga. Na nikifungiwa kwenye nyumba ya watu, nasalimia kwa sauti kwanza, hata kama hakuna mtu. Nawe fanya hivyo. Ukisikia mtu anakwambia uweke nyundo chini, weka, usimuulize ameingilia wapi. Mimi alinikuta bado sijapiga, na mara nyingi najiuliza angeniambia nini kama ningekuwa nimepiga.