Ugonjwa wa Zuhura Ulioitwa kwa Kigiriki

Enzi zetu kule Salale, maradhi yalikuwa na majina ya watu kuelewa. Mimi na dada yangu Zuhura tulipougua matumbwitumbwi, mama alitupaka masizi ya chungu mashavuni akatupeleka shamba la mpunga tuamie ndege hivyohivyo. Wenzetu walitucheka mpaka tukasahau kuumwa. Ukivimba, mama anakwambia, "Umevimba, mwanangu, utapona." Shule niliishia darasa la pili, na si kwa ujinga, mwalimu alipenda mno kututuma tukamtegee kamba wa kitoweo. Hayo tuyaache.

Mwaka juzi Zuhura, bibi mwenye wajukuu, alishikwa na tumbo upande wa kulia. Tukampakia boti mpaka hospitali moja huko barabarani. Daktari, kijana wa jana, akasema, "Apendisaitisi, mzee. Apasuliwe leo."

"Ndiyo nini, mwanangu?"

"Ndiyo hiyohiyo, apendisaitisi." Macho kwenye simu.

Sasa kwetu, maradhi yasiyo na jina ni ya kufa, na mtu wa kufa hurudishwa kwao akaombane radhi na watu wake. Zuhura alinishika mkono: "Kaka, tusubiri kidogo." Lakini mkubwa ni mimi. Nikasema abebwe, turudi nyumbani. Siku ya tatu, kijiji kizima kimeshampa mkono, akafa.

Juzi mjukuu wake Mwanaidi, yuko sekondari, alikuwa anakariri daftari lake la baiolojia. "Babu, neno likiishia na lojia, hiyo ni elimu ya kitu. Likiishia na aitisi, kitu kimevimba. Ni Kigiriki."

"Na apendisaitisi?"

"Kidole tumbo kimevimba. Wanakikata, mtu anarudi nyumbani."

Kimevimba! Nilirusha kikombe ukutani, mtoto akalia. Mgiriki simjui, hajavuka mto pale Ndundu hata siku za pantoni, naye simlaumu. Nawalaumu ninyi vijana mliosomeshwa kwa jasho letu, mnaojua maneno ya Mgiriki na mnashindwa kumwambia mzee kwa Kiswahili kwamba dada yake amevimba tumboni!

Mama yetu hakujua hata alifu, ila mtoto wake hakuumwa bila kuambiwa anaumwa nini. Leo wasomi wamejaa mpaka vijijini kama Dimani, na Zuhura yuko mchangani. Wakati wa kumshusha botini tulipofika kwetu, alikuwa bado anasema tumrudishe hospitali. Nami, kaka yake, nilikuwa nimemshika miguu.