Mama Kengele, bibi anayewanyamazisha wasomi watarajiwa

Saa mbili asubuhi, ukumbi wa shule bado unanuka dawa ya sakafu. Mama Kengele anapanga viti, anarudi nyuma kidogo, anavitazama, hapendi alichokiona, anavisogeza tena. Halafu anaketi kwenye meza ndogo iliyo chini ya jukwaa, anaifuta kengele ya shaba na kuigonga mara moja.

"Hii bado inalia vizuri," ananiambia. "Magoti yangu ndiyo yanalia vibaya."

Kazi yake ni usafi wa shule. Ana miaka sitini na mmoja, na mshahara wake, kwa maneno yake mwenyewe, "ukifika katikati ya mwezi uko hoi." Lakini kila mwaka, shule za sekondari zinapokutana hapa kushindana katika historia, uraia na jiografia, yeye ndiye mpiga kengele.

Kengele moja, umebakiwa na dakika moja. Kengele mbili, funga mdomo. Utakachosema baada ya hapo majaji hawakihesabu. Washindi watatu wa kwanza hulipiwa masomo ya chuo kikuu, na wengi wa watoto hawa hawana njia nyingine ya kufika huko.

"Zamani hizo, weee!" anasema, na uso wote unamchangamka. "Watu walijaa mpaka madirishani. Kuna kijana mmoja alitoa hoja mpaka mkanda wa suruali ukakatika. Mkono mmoja kashika suruali, wa pili anamnyooshea jaji kidole. Hakunyamaza! Leo ni wakili, na nasikia mahakamani ni yule yule."

Anacheka mpaka anafuta machozi. Kisha anatulia, na ninajua tumefika kwenye mwaka ambao hapendi kuuzungumzia.

Ni mwaka aliposimama binti yake. Binti alikuwa na kipaji, mtaa mzima ulijua. Alikuwa ndiyo kwanza anaingia kwenye hitimisho lake muda ulipokwisha, na mama akapiga kengele mbili.

"Nilitazama saa tu. Ningemtazama yeye, mkono usingeinuka."

Binti alishika nafasi ya nne. Chuo kikampita hivi hivi. Leo ni fundi cherehani, na hakuwahi kukanyaga tena ukumbi huu mpaka asubuhi ya leo. Amekuja kwa sababu moja: anayeshindana leo ni binti yake wa kuzaa, mjukuu wa Mama Kengele.

Walimu walimsihi bibi apumzike, kengele apewe mwingine. Mjukuu ndiye aliyekataa. "Bibi apige," aliwaambia. "Nikishinda naye hayupo, watu watasema alikimbia."

Mada ni kama soko ndilo lililojenga mji, au mji ndio uliojenga soko. Mjukuu anapanda jukwaani, anaanza vizuri, halafu anapatwa na ugonjwa wa wanafunzi wote wa fani hizi: anaeleza maana ya neno mji. Anaeleza kwa upande wa historia, kwa upande wa jiografia, kwa upande wa sheria. Kengele ya kwanza inalia akiwa bado anaeleza. Anashtuka, anakimbiza maneno. "Kwa hiyo, ndugu majaji, mimi naamini kwamba..."

Mkono wa bibi unainuka. Kengele mbili.

Mjukuu anameza maneno yaliyobaki. Nyuma, fundi cherehani anajifunika uso. "Yale yale," ananinong'oneza. "Mungu wangu, yale yale."

Lakini hayakuwa yale yale. Mwenyekiti wa majaji, mwalimu mstaafu, anavua miwani. "Tuna dakika mbili za maswali," anasema. "Binti, umetuzungusha mji mzima. Wewe uko upande gani?"

Ukumbi unaangua kicheko, na binti anapata pumzi. Anasema soko lilitangulia, na anatoa sababu zake bila kubabaika. Mchana matokeo yanasomwa: nafasi ya tatu.

Katika vigelegele na kukumbatiana, mama mtu anamfuata mwenyekiti. "Mwalimu, enzi zetu hapakuwa na maswali. Nani aliyaleta?"

"Kumbe hujui? Ni mama yako. Baada ya mwaka wako, kila tulipokaa kikao alikuja na ufagio wake mlangoni. Alituganda mpaka tukakubali. Alisema mtoto asikose chuo kwa sentensi moja."

Fundi cherehani haagi. Anavuka ukumbi hadi kwa mama yake, ambaye tayari ameanza kubeba viti.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini, mwanangu? Mwaka wako ulikuwa umeshapita."

Wanasimama hivyo, kiti kikiwa katikati yao, kila mmoja amekishika upande wake. Nilitamani kuangalia pembeni, nikashindwa.

Nilipomuuliza Mama Kengele anatarajia nini sasa, alisema anaomba uhai amwone mjukuu wake akivaa joho.

"Joho nitalishona mimi," binti yake akadakia. "Nitakata mawili."

"La pili la nani?"

"La kwangu. Nimeuliza, chuo kina masomo ya jioni."

Mama Kengele akaketi kwenye kile kiti na kulia waziwazi, mbele ya walimu na wanafunzi wote.