Korongo Kwenye Mahindi ya Bibi

Viwavijeshi walipovamia mahindi yetu kijijini Kileo, na dawa dukani haishikiki bei, alifika mama mmoja mtafiti. Alimweleza bibi kwamba alimfunga korongo mmoja kifaa cha kufuatilia safari zake mgongoni, kabla ndege huyo hajakimbia baridi ya Ulaya. Sasa setilaiti inamwonyesha shambani kwetu, hasogei. Alihofia ameuawa.

“Huku hatuli korongo,” bibi alimjibu. “Tukimla, nani atakula viwavi? Wewe?”

Tuliingia shambani, mimi nyuma kwa kumwonea mgeni aibu. Korongo alikuwa amesimama, waya mfupi wa kile kifaa mgongoni, akimeza viwavi bila haraka. Mtafiti alitokwa machozi. Nilitazama juu, nikastaajabu kwamba kitu cha huko, nisichokiona, kilimjua ndege huyu mmoja.

Mtafiti alitaka kusogea ampige picha. Bibi akamshika mkono.

“Mwache kwanza ashibe.”