Nambari Zisizo na Kizio

Nilihudumu katika idara ya mizani na vipimo hadi nikastaafu, na katika muda huo wote sikukubali hata mara moja nambari iliyosimama peke yake. Huko Keringet niliwahi kusimama mbele ya lumbesa, lile gunia la viazi linalojazwa kupita kiasi hadi linaota kichwa cha pili, na mwenyewe akasisitiza kuwa hilo ni moja.

"Moja ya nini?" nikamwuliza.

"Mzee, moja ni moja tu."

Nikamfungulia mashtaka.

Kwa hiyo msomaji ataelewa jinsi binti yangu wa mwisho alivyonichokoza. Anasomea fizikia, shahada ya pili, na Jumapili moja alikuja nyumbani, hapa Free Area, akiwa na tasnifu yake ili nikague tahajia. Mwisho wa kuiwasilisha ulikuwa Ijumaa. Ilihusu mafuta yaliyochanganywa na chembe za chuma laini kuliko vumbi, kiasi kwamba yanafuata sumaku. Ukiyapasha moto kutoka chini, mafuta yaliyo baridi huvutwa na sumaku kwa nguvu zaidi kuliko yaliyo moto, nayo huanza kupinduana, ya juu yakishuka na ya chini yakipanda, mithili ya uji unaochemka.

Mpaka hapo sikuwa na pingamizi. Kisha nikafikia jedwali. Nambari saba, nyingi zikiwa na jina la Mzungu aliyekwisha kufa, na hakuna hata moja yenye kizio: si kilo, si mita, si sekunde. Nikatoa kalamu nyekundu, nikazizungushia zote, nikaandika chini: "Mzigo umezuiliwa hadi maelezo yatolewe."

"Baba, hizo hazina kizio. Ndivyo zinavyotakiwa kuwa."

"Mwenye lumbesa naye alisema hivyo hivyo."

Alivuta kiti akanieleza, kwa subira ambayo hakuirithi kwangu. Juu ya mstari unaweka kinachoyasukuma mafuta. Chini yake unaweka kinachoyazuia, yaani uzito wa kumiminika na jinsi joto linavyotoroka. Ukigawanya, kilo inafuta kilo, mita inafuta mita. Inabaki kujua tu msukumo umezidi kizuizi mara ngapi.

"Wewe ukisema gunia hili ni mara mbili ya lile, mara mbili ya nini?"

Nimelisema hilo mahakamani, tena chini ya kiapo.

Ndipo akakiri kwamba tahajia haikuwa shida yake. Nambari yake ya sumaku, moja ya zile saba, ilitoka ndogo mno. Kwa hesabu, mafuta yalipaswa kutulia tuli. Katika maabara yalipinduka kila siku. Msimamizi wake alikuwa amekataa kutia saini mpaka viwili hivyo vipatane, na zilibaki siku tano.

"Umesema vizio vinafutana," nikamwambia. "Basi vifutwe mbele yangu, kimoja kimoja."

"Baba, sina muda wa ukaguzi."

"Hakuna mtu aliyewahi kuwa nao."

Nikachora safu nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita. Tulianza na nambari ya joto, ambayo kina cha mafuta huzidishwa humo mara tatu. Kila kitu kilifutika. Niliridhika, ingawa sikufurahi. Tukaingia kwenye ya sumaku. Yeye alitaja, mimi nikapiga mstari: ampea kwa ampea, nyuzi kwa nyuzi. Tulipomaliza, juu ya mstari ilibaki mita moja.

"Hii mita ni ya nani?"

Aliifuata kwa kidole hadi kwenye tasnifu.

"Ni yangu," akasema. "Nilinakili kina kutoka ile ya kwanza. Hapa kinazidishwa mara mbili tu. Wueh, Baba, miezi minne naikodolea macho."

Mafuta yake yalikuwa na kina cha milimita tano, yaani sehemu moja ya mia mbili ya mita. Kuzidisha kwa kina hicho mara moja ya ziada kulikuwa kumeipunguza nambari mara mia mbili. Alipoikokotoa upya, ilivuka ule mpaka ambapo mafuta huanza kupinduka, na akacheka peke yake mezani.

Msimamizi alitia saini Alhamisi. Miduara yangu yote saba iliondolewa katika nakala ya mwisho, nami nikaridhia kwa maandishi, nikiongeza kwenye ile kalenda, kwa ajili ya kumbukumbu, kwamba mita moja ilikutwa humo isivyo halali na imetwaliwa.