Jina la Tatu Kutoka Juu

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya mabango, pale Chikongola, sikupewa brashi. Fundi Mkuu alinikabidhi karatasi ya msasa na ubao uliokosewa herufi.

"Kosa halifichwi kwa rangi," akaniambia. "Mvua mbili tu, litachungulia. Chuna mpaka uuone mti, ndipo upake praima, ile rangi ya kwanza inayoziba vinyweleo vya ubao."

Nililishika somo hilo barabara. Ndilo linalonichoma mpaka leo.

Baada ya miaka michache nikapewa ubao wa sikukuu. Kijiji kimoja karibu na mlango wa Ruvuma kiliadhimisha kila mwaka siku kilipoyarudisha nyuma maboti ya askari wa Mreno. Palikuwa na ngoma, pilau, hotuba, na ubao wenye majina saba ya waliokufa siku hiyo. La tatu kutoka juu lilikuwa la Bi Somoe, mkimbizi kutoka ng'ambo ya mto. Alfajiri ile alikuwa kwenye mikoko akiokota chaza. Ndiye aliyesikia injini, akakimbia akigonga ndoo yake mpaka kijiji kikaamka. Bila yeye kusingekuwa na ushindi, wala hilo pilau.

Kisha akaja Mwenyekiti mpya wa maadhimisho, suruali imepigwa pasi hata inzi angejikata.

"Yabaki sita," akaniamuru. "Huyu mama si wa hapa. Wala hakushika silaha."

"Alishika ndoo, mheshimiwa."

"Kijana, umeajiriwa kuandika. Kufikiri tuachie sisi."

Nikafuta. Tena kwa ufundi! Nilichuna mpaka mti, nikapaka praima mara mbili, nikapiga upya uzi wa chaki wa kunyooshea mistari, nikayapanga majina sita kwa nafasi sawa ili pengo lisionekane.

"Hodari!" Mwenyekiti akanipigapiga bega. "Huwezi kujua kama palikuwa na mtu."

Nami, mpumbavu, nikasema ahsante.

Siku ya sikukuu akaja Mwanahawa, binti wa marehemu. Mwaka uliotangulia nilimwonyesha kwa kidole mstari wa mama yake, maana hakujua kusoma. Aliona haya, akajiandikisha kisomo cha watu wazima. Sasa alisimama mbele ya ubao, midomo ikicheza, akirudiarudia.

"Fundi, shikamoo. Mstari wa tatu unaniambia Hamisi. Nimekosea wapi?"

Mwenyekiti alikuwa hatua tatu nyuma yangu. Nilikuwa na mke, na kibarua.

"Endelea na darasa, dada," nikasema.

Akashukuru. Akarudi darasani kujifunza kusoma jina nililokwisha kulichuna.

Nimestaafu na cheti cha utumishi mwema, nimekigeuza kitazame ukuta. Nyinyi vijana wa brashi, shikeni kazi, heshimuni wakubwa. Lakini mkiamriwa kufuta jina la mtu, msiguse msasa. Pakeni rangi juu juu, kazi mbovu kabisa, muiachie mvua.