Namba Iliyomtukana Nelima

Nilimtafuta mtu aliyekuwa akimtesa mjukuu wangu kwa simu. Simu ikaniletea jina langu mwenyewe.

Siongezi chumvi.

Hapa Saboti naishi na wajukuu wawili. Nelima ana miaka kumi na miwili, amebeba jina la marehemu mama yangu. Phanice ana kumi na minne.

Jumatatu moja Nelima akakataa shule.

"Mama yangu, unaumwa wapi?" nikamuuliza; ndivyo ninavyomwita, kwa ajili ya jina lile.

"Siumwi, kukhu." Kukhu ni bibi, kwa lugha yetu.

Siku ya tatu niliacha kupukuchua mahindi gunia likiwa nusu, nikaketi kando yake.

"Sitakunyang'anya simu. Nionyeshe tu."

Hapo ndipo alipolia.

Ilikuwa grupu ya darasa lao. Picha yake imewekewa masikio ya punda. Chini yake namba isiyo na jina imeandika: "Ananuka." "Kesho ukikuja utajua." "Hata ukipotea, nani atakutafuta?"

Wenzake wanacheka tu.

"Nifute, kukhu?"

"Usifute. Usijibu."

Phanice alikuwa mlangoni. "Achana nao, kukhu. Ni mchezo wa watoto tu."

Sasa, sisi wanawake wa chama cha akiba hatutumi pesa kwa simu kabla ya kuona jina la anayepokea. Nikaiandika ile namba kama naitumia shilingi kumi.

Jina likatokea. Phelista Nakhungu.

Mimi!

Nelima akasogea mbali nami. "Kukhu... ni wewe?"

Ndipo nikakumbuka: mwezi wa nne, sokoni Chwele, nilitoa kitambulisho, nikapigwa picha, laini ikasajiliwa. Lakini laini haikuwa yangu.

Nikageuka. Phanice alikuwa anarudi kinyumenyume.

"Si ulisema ni laini ya masomo?"

Akalipuka. "Huyu unamwita mama! Mimi ni 'wewe Phanice, lete maji'!"

Ilinichoma, kwa sababu ni kweli. Lakini nilimwambia wazi: uchungu wako ni wako, usimtwike mwenzako.

Kesho yake tulienda shule wote watatu. Mwalimu alisoma kila neno, maana hatukufuta. Phanice akaomba msamaha kwenye grupu ile ile, kwa jina lake.

Nelima bado hajamwongelesha. Simharakishi.

Wazazi wenzangu, mtoto akinyamaza ghafla, keti naye kabla ya kugombania simu. Asijibu, asifute, akuonyeshe.

Na msidhani anayemtukana yuko mbali. Wangu nilikuwa nampakulia ugali.