Pile Ndogo ya Ramazani

Siku yangu ya kwanza kazini, katika atelier, karakana ya maredio, pale mtaani Kamalondo, sikushika hata bisibisi. Chef d'atelier, mkuu wetu, mzee wa Kasai mwenye miwani na maneno machache, alinipa kipande cha flaneli nifute vumbi kwenye lampe. Ninyi wa zama hizi za simu mkisikia lampe mnafikiria taa ya mezani. Lampe za poste, yaani redio, zilikuwa vichupa vya kioo. Ndani mna uzi mwembamba unaowaka moto kidogo, na bila moto huo poste ni sanduku tu. "Ukivunja moja," aliniambia, "utarudi kwenu na flaneli yako." Nilifuta asubuhi nzima, kimoja kimoja.

Poste za kubeba zilikula pile, yaani betri, mbili. Kubwa ilisukuma sauti. Ndogo ilikuwa na kazi moja tu, kuwasha zile nyuzi, na ndiyo iliyotutesa. Ilikufa upesi, kubwa ikiwa ingali na nguvu tele, na wateja wakatuona wezi, sisi na fabrique, yaani kiwanda kilichozitoa. Tena walikuwa na imani moja ambayo chef alipigana nayo mpaka akachoka: kwamba ukipunguza sauti, pile inapumzika. Wapi! Nyuzi zinakula sawasawa, poste ipige kelele au inong'one. Dawa ni kuifunga, kuizima kabisa. Nani alisadiki? Watu waliziacha poste zao zinong'one kutwa. Pile ikichoka, wakaianika juu ya bati kama muhogo. Jua likaipa uhai kidogo, kisha ikafa moja kwa moja.

Ramazani alikuwa mmoja wao. Alizaliwa Kamalondo, katika zile familia za Waislamu zilizotoka Maniema, na alikuwa akiuza chumvi na vitenge Sakania, kule mpakani. Mama yake aliugua, akaja kumwona, kisha ikambidi arudi kwenye biashara yake. Kabla ya kupanda treni alipitia kwetu kununua pile. Wakati huo simu haikuwa kitu cha watu kama sisi. Familia ikipata shida ilipeleka communiqué redioni, jina lako likasomwa, nawe ukafunga safari.

"Nikisikia jina yangu, napanda train," alisema.

"Communiqué iko na saa yake," chef akamjibu. "Fungula saa ile, sikiliza, funga. Usiiache inaongea chini-chini."

"Na kama banasoma saa ingine, Papa Chef? Mama iko mumoja tu."

Chef alimfungia pile zake kwenye gazeti, akamtakia safari njema.

Atelier yetu ilikuwa na poste ya umeme iliyokuwa ikiongea kutwa. Mchana mmoja tukasikia: Ramazani wa Sakania anaombwa afike Kamalondo mbio, mama yake ana hali mbaya. Tuliacha kazi. "Amesikia," chef alisema, akarudi kwenye meza yake. Walisoma tena jioni, wakasoma na kesho yake. Ramazani hakusikia hata moja. Habari aliipata kwa msafiri wa treni, na alipofika nyumbani mama alikuwa amekwisha zikwa.

Baada ya matanga alikuja na poste mikononi. Nilipima. Pile kubwa nzima, lampe zote nzima. Ile ndogo, hakuna kitu. Wallahi, ningefurahi kukuta hata lampe moja imeungua.

"Nini iliharibika?" akauliza. Niliiweka ile pile ndogo mezani. Akamgeukia chef. "Papa Chef, ulinambia nifunge. Miye niliiacha inanong'ona, naogopa isiniite nikiwa nimeifunga. Kama ningefunga, ingefika ile siku?"

Chef aliichukua ile pile, akaigeuzageuza. Huyu ni mtu aliyekuwa akitugombeza tukisema "karibu" badala ya kusoma mshale wa kipimo sawasawa.

"Hapana," akasema. "Hii ilitoka mubaya ku fabrique. Ata ungefunga, ingekufa tu."

Ramazani alilia palepale, mbele yetu, bila haya. Alipoondoka nikasema, "Chef, pile ile ilikuwa nzuri. Niliipima miye mwenyewe siku aliyoinunua."

"Najua. Poste utaitengeneza weye. Muntu, nani atamutengeneza?"

Halafu transistor ikaja. Haina uzi wa kuwasha, pile zake ndogo zinadumu, na lampe zetu zikaenda jalalani. Chef alifariki, atelier ikafungwa. Mimi nilihamia maabara ya chuo kule Kasapa, chini ya mwalimu mmoja mwema, mwenye cheo cha chef de travaux, aliyependa vipimo kama mimi, na huko ndiko nilikostaafia. Nina majuto, sifichi. Ufundi wangu wa kwanza umekufa bila mrithi, na zile pile hazitengenezwi tena popote ninapojua.

Ramazani yuko hai. Ijumaa akitoka msikitini tunakaa pamoja mbele ya kibanda cha cherehani, Kamalondo, naye humsimulia kila apitaye jinsi fabrique ya Wazungu ilivyomnyima kumzika mama yake. Zamani alikuwa akisimulia kwa hasira. Siku hizi, kadiri anavyozeeka, hufika katikati akasita, akanitazama. Aliyebaki wa kuulizwa ni mimi tu.

"Fundi, ile pile ilikuwa mubaya. Si njo vile?"

Maisha yangu yote nimeheshimu mshale wa kipimo kuliko maneno ya mtu yeyote, na kila mara swali hilo la ndivyo au sivyo linaniuma kama jipya.

"Njo vile, kaka," namjibu. "Ilitoka mubaya ku fabrique."